Kurunzi ya Mlinzi na Amana ya Nuru



Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Muumba wa giza na nuru. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wasomaji wetu watukufu, akina mama na mabinti zetu, tumezoea katika ukumbi huu kuzungumza juu ya malezi, masurufu ya nyumba, haki za majirani na adabu za ndoa. Wiki hii tumekusudia kusema juu ya kurunzi, yaani tochi ya mlinzi wa usiku, na namna ya kuichagulia globu mpya ya LED. Huenda mtu akauliza, shekhe ana nini na globu? Tuna nalo, kwa sababu tulipewa amana katika jambo hili tukateleza, na aliyekuja kutuzindua ni mwanamke mmoja miongoni mwenu.

Msikiti wetu hapa Garsen una mlinzi mmoja. Yeye ndiye alindaye msikiti, vyumba vya madrasa, na ghala ndogo tunamowekea chakula cha sadaka. Nyaya kubwa za umeme ziendazo Lamu hupitia kwetu, na kituo chake kipo hapa hapa Garsen. Hata hivyo mnajua wenyewe ni mara ngapi giza hutufunika, na ni vijiji vingapi kandokando ya Mto Tana ambavyo havijaonja umeme. Katika giza hilo silaha ya mlinzi wetu ni rungu na kurunzi.

Kurunzi yenyewe ni ya wakfu. Iliachwa na marehemu mmoja aliyekuwa askari polisi, na watoto wake wakaitoa kwa msikiti ili baba yao apate thawabu. Ni ndefu, ya madini ya alumini, hutiwa mawe matatu makubwa, nayo ni ya aina ya Maglite. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1979 na kampuni ya Mag Instrument ya California, Marekani, iliyoasisiwa na Anthony Maglica, na kwa ugumu wake ikapendwa sana na polisi na walinzi. Ya kwetu imeanguka mara nyingi na bado ni nzima. Udhaifu wake ulikuwa ni globu, maana ilikuwa ya mtindo wa zamani, yenye uzi mwembamba ung'aao ukipashwa moto na umeme. Uzi huo hukatika kwa mtikisiko, hukatika kwa uzee, na haupigi hodi kabla ya kukatika.

Ukatikaji huo tuliuona mwishoni mwa mwaka 2023, zilipokuja mvua za El Niño na mto ukavunja kingo zake. Jamaa kadhaa walihamia palipoinuka, na baadhi yao tukawalaza katika vyumba vya madrasa. Usiku mmoja, saa saba zimekwisha kupita, mama mmoja alishikwa na uchungu wa uzazi. Mlinzi akaombwa awaongoze hadi barabarani palipokuwa na gari. Walipofika katikati ya njia, maji yakiwa magotini, globu ikakatika. Waliendelea kwa mwanga wa simu, na mwanga wa simu huonyesha miguu tu; haukwambii wapi ni njia na wapi ni shimo, wala hauonyeshi ni gogo au ni mamba. Al-hamdulillahi, walifika, na mtoto akazaliwa salama. Lakini sote tuliohusika tulijua kwamba tulikuwa tumemtuma mtu kazini na kitu kisichotegemewa.

Baada ya maji kupungua, kamati ilikaa na kuafikiana kwamba kurunzi ile itiwe globu ya LED, ambayo haina uzi wa kukatika. Tukakabidhiwa shilingi 1,000 za msikiti tukanunue. Tulifika dukani tukachagua kwa jicho: tuliona globu inayofanana na ile ya zamani, pakiti yake ina maandishi makubwa ya kusifu mwanga wake, bei shilingi 300. Tukafurahi kwamba tumebakisha fedha. Tulimkabidhi mlinzi baada ya swala ya Isha, tukamwombea dua, tukaondoka. Usiku wa kwanza mwanga ulikuwa kama mchana, nasi tukajipongeza.

Siku chache baadaye mke wa mlinzi alikuja nyumbani kwetu, akaketi na mke wetu barazani, kisha akaomba kusema nasi.

"Nisamehe, Maalim," alisema, "nimekuja kwa jambo ambalo mwenyewe hakunituma."

"Karibu, mama. Sema."

"Ile globu mliyomletea mume wangu imekufa siku ya sita. Ilianza kuwa ya kibuluu, ikafifia, ikazimika. Yeye aona haya kuwaambia, maana mlimpa kwa mikono yenu. Amerudi kutumia simu. Juzi amemwona nyoka akiwa amebakisha hatua moja tu amkanyage. Kila akitoka, mimi silali."

Tulinyamaza. Naye akaongeza kwa upole: "Dua twaishukuru, Maalim. Lakini globu mngeuliza kwanza."

Maneno hayo yalituingia. Wanachuoni wa fiqhi wamesema kwamba mwenye kuaminiwa mali halipi kilichoharibika bila ya kosa lake, lakini akizembea hudhamini. Sisi tulizembea: tulinunua kitu tusichokijua, kwa fedha zisizo zetu, tusimuulize ajuaye. Basi tulirudisha zile shilingi 300 kutoka mfukoni mwetu, tukamweleza mwekahazina sababu, kisha tukaenda kujifunza kwa kijana mmoja hapa mjini atengenezaye simu na redio. Aliyotufunza twawapa nanyi, kwani katika kila mtaa kuna mlinzi, na katika kila nyumba kuna kurunzi.

La kwanza ni kuhesabu mawe. Kila jiwe jipya lina volti 1.5, mawe mawili ni volti 3, matatu ni 4.5, manne ni 6. Globu za zamani zilitofautishwa kwa alama: PR2 kwa mawe mawili, PR3 kwa matatu, PR13 kwa manne. Zote zina umbo moja na zote huingia shimo moja, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Globu tuliyoinunua ilikuwa ya volti 3, tukaitia penye volti 4.5. LED si kama uzi wa zamani. Volti ikizidi kidogo tu, umeme upitao ndani yake huzidi sana. Ndiyo maana iling'aa kupita kiasi, ikageuka rangi, ikafa. Tafuteni globu iliyoandikwa wazi idadi ya mawe yake, au iliyo na kidhibiti umeme ndani na ikaandikwa mwanzo na mwisho wa volti inazostahimili.

La pili ni kitako. Ziko globu zenye mkufu wa bati shingoni, na ziko zenye vipini viwili vyembamba kama sindano. Hata kurunzi za jina moja zimebadilika vitako kwa miaka. Usiende dukani na maelezo ya mdomo. Nenda na kurunzi yenyewe na globu iliyokufa. Tena LED hupitisha umeme upande mmoja tu, ilhali uzi haujali upande. Ukiitia globu nzima isiwake, tazama kwanza kama mawe umeyapanga sawa kabla ya kumlaumu muuzaji.

La tatu ni kutofautisha wingi wa mwanga na masafa yake. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote utokao. Kandela ni kipimo cha nguvu ya mwanga kuelekea upande mmoja. Mlinzi wa ghala la ndani anahitaji mwanga mpana; mlinzi anayetazama ng'ambo ya uwanja au ukingo wa mto anahitaji mwanga mwembamba uendao mbali. Mwaka 2009 kulitolewa Marekani kanuni iitwayo FL1, inayoeleza jinsi ya kupima mambo haya. Masafa huhesabiwa hadi pale mwanga unapopungua kufikia robo ya luksi, takriban kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kwa hesabu hiyo, kandela 2,500 hufika mita 100, na kandela 10,000 hufika mita 200. Tazameni: ili masafa yawe maradufu, nguvu ni lazima iwe mara nne. Basi anayekwambia globu yake ndogo ya jiwe moja hufika kilomita, mwombe akuonyeshe.

Na lipo jambo la kioo cha nyuma, kile kikombe king'aacho. Kilitengenezwa kwa ajili ya uzi unaomwaga mwanga pande zote. LED humwaga mbele zaidi, kwa hiyo katika kikombe cha zamani pengine mwanga hutoka na doa jeusi katikati, au hutawanyika usikusanyike. Hili halijulikani dukani mchana. Mwombe muuzaji ruhusa ya kuijaribu usiku, kwanza ukutani, kisha mbali, na kama haifai uirudishe. Kununua kwa sharti la hiari ya kurudisha ni jambo linalojulikana katika sheria yetu, na muuzaji mwema hachukii.

La nne ni joto. Watu hudhani LED haipati moto. Mwanga wake hauchomi, lakini shina lake hupata moto, na moto huo ni lazima utoke kupitia mwili wa kurunzi. Mwili wa alumini huutoa vizuri; mwili wa plastiki huufungia ndani, na LED yenye nguvu ikifungiwa joto hufifia na umri wake hupungua. Kwa hiyo kurunzi ya plastiki itiwe LED ya nguvu ndogo, ama iachwe ilivyo.

La tano ni rangi. Mwanga mweupe wa LED nyingi hutokana na LED ya buluu iliyofunikwa unga wa manjano. Waliofanikisha LED ya buluu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Ulioandikwa 6,500 ni mweupe wa kibuluu, na wa 4,000 hadi 5,000 ni mtulivu zaidi. Wengi hununua ule wa kibuluu kwa sababu waonekana mkali. Lakini mlinzi wetu alipojaribu zote mbili, alisema katika ule mtulivu aliweza kutenganisha kijiti na nyoka, na udongo na majani makavu. Ilhali kazi yake ni hiyo, tuliyafuata maneno yake.

La sita ni muda. Globu ya zamani ya mawe matatu hula takriban nusu ampea na kutoa kama lumeni 20 tu. Sehemu kubwa ya umeme hupotea kuwa joto. LED ya wati moja hutoa mwanga maradufu na zaidi kwa umeme mdogo kuliko huo. Kwetu, mawe yaliyokuwa yakiisha kwa siku nne au tano sasa hupita wiki mbili. Angalieni tu kwamba kuna LED za nguvu nyingi mno zinazomeza mawe kwa usiku mmoja. Mlinzi hukesha hadi alfajiri. Nuru ya saa mbili si nuru ya mlinzi.

Baada ya kujifunza hayo, lilibaki swali: je, tununue kurunzi mpya ya kuchaji? Kijana wa tochi na simu alisema zipo nzuri, na penye sola ya kuaminika ni nafuu. Lakini tulikumbuka wiki za mafuriko, umeme ulipokatika na mawingu yakafunika jua, huku mawe yakipatikana hata katika kijiduka cha mwisho. Tena mwili wa kurunzi ya wakfu ulikuwa mzima, swichi nzima, kikombe hakijachakaa. Kukitupa kitu kizima ni israfu, na kutengeneza mali ya wakfu ili manufaa yake yadumu ni katika kuihifadhi. Tukanunua globu ya LED ya mawe matatu, yenye kidhibiti, ya rangi tulivu, kwa shilingi 1,200. Kamati iliongeza mia mbili, baada ya mabishano kidogo. Ile globu ya uzi tuliyoinunua ya akiba haikutupwa. Kurunzi ile ina nafasi mkiani ya kuwekea globu ya ziada, tukaiweka humo kwa siku ya dharura. Lakini laiti kurunzi ingekuwa imeliwa na kutu ndani, au kikombe kimefifia, tungenunua mpya bila ya kusita. Globu njema haiponyi mwili mbovu.

Sasa tuna neno kwa wafanyabiashara wetu. Watafiti walifuatilia watumiaji wa tochi za LED huko Kericho na kwengineko hapa Kenya, yapata mwaka 2010, wakaona kwamba wengi walipatwa na hitilafu ndani ya miezi sita. Tangu mwaka 2007 Benki ya Dunia na shirika lake la IFC walianzisha mpango wa Lighting Africa, ambao miongoni mwa kazi zake ilikuwa ni kupima ubora wa taa kama hizi, kwa sababu bidhaa mbovu ziliwavunja watu moyo. Sisi Waislamu tulifunzwa haya kabla ya mashirika. Imepokewa na Imam Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono wake, akakuta ndani kumelowa, akamkemea muuzaji kwa kukificha kilicholowa chini, na akabainisha kwamba mdanganyifu hayuko katika njia yake. Pakiti iliyoandikwa lumeni elfu ilhali ndani hakuna hata mia ni rundo lile lile. Muuzaji asiseme, "Hivyo ndivyo ilivyotoka kiwandani." Ukijua, bainisha, usipojua, sema hujui. Baraka ya biashara imo katika kusema kweli.

Na tuna neno kwa walinzi, juu ya adabu ya mwanga mkali. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hodi imewekwa kwa sababu ya jicho. Kurunzi yenye nguvu ni jicho lililorefushwa. Haifai kuimulika madirishani, wala uani mwa watu, wala vyooni na mtoni wanapooga wanawake. Ukisikia kishindo karibu na nyumba, mulika chini, toa sauti, jitambulishe. Wala usimmulike mtu machoni, hasa mtoto au mzee. Mwanga huo humpofua kwa muda, akajikwaa mbele yako. Mlinzi amewekwa kulinda sitara za watu. Basi asiwe yeye wa kuzifunua.

Na tuna neno kwa wanakamati wenzetu. Inasimuliwa kuhusu Khalifa Umar bin Abdul Aziz kwamba alikuwa akizima taa ya baitulmali mazungumzo yanapogeuka kuwa ya shughuli zake binafsi. Kurunzi ya msikiti si ya kumulikia harusi ya jamaa yetu, wala ya watoto wetu kuchezea. Mawe yake yamenunuliwa kwa sadaka za watu ambao baadhi yao hawana mawe nyumbani kwao.

Mwisho ni kwenu, akina mama, kwa kuwa kurunzi hukaa mikononi mwenu mchana mzima. Ikiwa haitatumika kwa muda, toeni mawe. Jiwe likivuja maji yake hula bati na huchoma ngozi. Msichanganye jiwe jipya na la zamani. Yaliyokwisha msiyatupe mtoni wala jikoni, maana hupasuka motoni, na msiwaachie watoto kuyavunja. Na kila wiki, kabla mume au mwana hajatoka kulinda, washeni kurunzi muitazame dakika chache. Mkiona kasoro, semeni. Msingoje mpaka haya ya wanaume izae msiba.

Twamshukuru mama yule aliyekuja kutuzindua. Juma lililopita tulimkuta sokoni tukamuuliza hali. Akajibu, "Al-hamdulillahi, Maalim. Siku hizi nalala kidogo." Tulipomuuliza kwa nini kidogo, akacheka akasema mlinzi akiwa ni mume wako, hakuna globu ya kukulaza usiku kucha. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde wale watulindao sisi tulalapo, atusamehe uzembe wetu katika amana, na atujaalie nuru katika makaburi yetu na siku ya Kiyama. Amin.